Machale na Friza ya Mama

Katika nyumba niliyokulia Tanga kulikuwa na amri moja ambayo haikuhitaji kubandikwa ukutani: usiweke kitu cha moto kwenye friza. Mama alikuwa anauza barafu, zile za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, na friza ile ndiyo iliyonilipia ada. Kila jioni alichemsha, akatia sukari, akaonja, kisha akaiacha sufuria mezani mpaka aweze kuishika kwa mikono mitupu. Hapo ndipo alipoanza kujaza na kufunga. Ukileta haraka zako anakwambia, "Haya, ua friza, halafu kesho ukauze maji ya kisima."

Basi nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia akatusimulia habari za Erasto Mpemba. Wenzangu walishangaa kusikia kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Mimi kilichonishangaza ni kingine kabisa: mwanafunzi aliweka maziwa ya moto kwenye friji ya shule, na mwalimu hakutuambia kama alichapwa.

Kwa asiyeijua stori, ni hii. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo Mpemba akamwona mwenzake anaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, ili awahi. Akapiga hesabu: nikisubiri yangu yapoe, trei ya mwisho inachukuliwa. Akayaingiza hivyo hivyo, ya moto. Saa moja na nusu baadaye wakakuta ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Nimeisimulia stori hii kwenye daladala, kwenye harusi, kwa wageni waliokuja nchini na kuniuliza Tanzania imeipa nini sayansi. Niliwahi pia kuiandika gazetini, makala ya nusu ukurasa, na kichwa chake leo kinanitia aibu kidogo kwa sababu kilikuwa na neno "ghafla" ndani yake. Nilivyoiandika mimi, kijana anafungua friji, anaona, dunia inabadilika. Aya nne. Mhariri aliipenda sana.

*

Katika chumba cha habari kuna kitu tunakiheshimu kuliko shahada, nacho ni machale. Mwandishi wa machale anapita mahali ambapo wenzake kumi wamepita, yeye anasimama. Hajui kwa nini. Kitu kinamcheza. Nilipoanza kazi nikaambiwa ninayo, na sikukataa. Nani anakataa sifa ya namna hiyo akiwa na miaka ishirini na sita?

Siku moja nilitumwa kwenye shule moja ya kata, sitaitaja na wala sitataja wilaya. Wazazi walikuwa wamechangishana kujenga madarasa, na kuta zilikuwa zimefika lenta zikasimama hapo. Majani yameota ndani. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Nikaangalia kuta, nikaangalia pikipiki, na machale yakanicheza hata kabla sijatoa kalamu. Sijui niieleze vipi raha ya dakika ile. Kila kitu kilijipanga chenyewe. Wazazi wawili wakaniambia nilichotaka kusikia. Mwalimu mkuu nilimpigia simu mara mbili, haikupokelewa, nikaandika kwamba hakupatikana.

Habari ilitoka na picha ya kuta. Kichwa kilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni, ile alama tunayoiweka tukitaka kusema jambo bila kushtakiwa. Asubuhi hiyo hiyo mwalimu akanipigia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari: "Mwanangu, risiti uliziona?"

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba ana haki ya kutoa upande wake.

Alisimamishwa kupisha uchunguzi. Miezi mitatu baadaye wakaguzi wakakuta kwamba fedha zilizotumika zina risiti, na zilizobaki zimo kwenye akaunti, zinasubiri mchango wa pili ambao haukuwahi kutolewa. Pikipiki alikopa Saccos. Tukachapa masahihisho, mistari sita, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja. Alirudishwa kazini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo astaafu.

*

Sikuanza kusoma historia ya sayansi kwa kupenda elimu. Nilianza kwa sababu nilitaka kujitetea. Nilifikiri nikikusanya vigogo wa kutosha waliofika kwa machale tu, nitaweza kujiambia kwamba njia yangu ilikuwa sahihi na siku ile nilipata bahati mbaya.

Vigogo hawakuwa haba. Archimedes yumo kwenye birika la kuogea, maji yanapanda, anatoka mbio uchi kupiga kelele kwamba amepata. Newton amekaa chini ya mti, tufaha linaanguka. Kekulé anasinzia kando ya moto, anaota nyoka anayeuma mkia wake mwenyewe, anaamka anajua umbo la benzini. Nikawa naandika majina pembeni ya daftari kama mtu anayehesabu mashahidi wake.

Lakini ukishafanya kazi ya gazeti huwezi kujizuia kuuliza: nani alisema, na alisema lini? Hapo ndipo mashahidi wangu walipoanza kuniangusha. Kisa cha birika tunakipata kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Kisa cha tufaha Newton alimsimulia rafiki yake William Stukeley mwaka 1726, wakinywa chai bustanini, akiwa mzee wa miaka 83. Tufaha lenyewe, kama lilianguka, lilianguka miaka 60 kabla, wakati wa tauni, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1687. Baina ya tunda na kitabu kuna miaka ishirini na ushee ya hesabu, ubishi na kuanza upya. Kekulé alichapa umbo la benzini mwaka 1865 na hadithi ya nyoka akaitoa hadharani mwaka 1890, kwenye sherehe ya kumpongeza huko Berlin.

Na hotuba ile ya Kekulé ina sehemu ambayo wasimuliaji huikata. Alisema usiku uliobaki aliutumia kufuatilia ile ndoto inampeleka wapi. Kisha akawasihi wasikilizaji wajifunze kuota, ila wasichapishe ndoto zao kabla akili iliyo macho haijazipima. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo. Alitumia neno kuchapisha. Angeweza kutumia neno lolote.

Tena naelewa kwa nini sehemu ile hukatwa. Ningekuwa mhariri ningeikata mimi mwenyewe. Habari inataka tukio: saa, mahali, mtu, kitu kinachoanguka. Usiku wa kupiga hesabu hauna picha. Huwezi kuweka ukurasa wa kwanza kwamba bwana mmoja amekaa mezani kwa miaka ishirini. Kwa hiyo dakika inabaki, miaka inaondolewa, na vijana wanaosoma wanadhani dakika ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaoondoa.

Shahidi aliyenisumbua kuliko wote ni Alfred Russel Wallace. Februari 1858 alikuwa kwenye visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, amelala kajifunika mablanketi, homa inapanda na kushuka, mara baridi mara joto. Sisi wa pwani tunaijua homa hiyo. Mimi nimeugua malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na jambo kubwa lililowahi kunijia ni kwamba dari linashuka. Wallace alikumbuka kitabu cha Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu, alichokisoma zaidi ya miaka kumi nyuma, na katikati ya kutetemeka kukamjia kwa nini aina za viumbe hubadilika: wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi, na wanaobaki ni wale wanaofaa zaidi kwa mazingira yao. Jioni zilizofuata akayaandika, akayatuma kwa Charles Darwin, Uingereza. Darwin alipoufungua waraka ule mwezi Juni alikuta wazo lake mwenyewe, alilolikalia kwa miaka ishirini. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London.

Nilifurahi sana kwa siku moja. Huyu hapa! Homa moja imelingana na miaka ishirini ya mtu aliyetumia minane kati ya hiyo kuchunguza wale wadudu wa bahari wenye magamba wanaoganda kwenye mawe na mitumbwi. Machale yameshinda.

Siku ya pili nikasoma vizuri. Kabla ya homa ile Wallace alikuwa ameshatumia miaka minne Amazon, kuanzia 1848, akikusanya wadudu na ndege, na wakati wa kurudi meli ikawaka moto baharini, karibu mali yake yote aliyokuwa nayo melini ikateketea. Mtu mwingine angefungua duka. Yeye mwaka 1854 akasafiri tena, safari hii Asia, akaanza upya kukusanya maelfu ya viumbe, na kuandika kila kimoja kimetoka kisiwa gani. Mwaka 1855, akiwa Sarawak, alikuwa ameshachapa makala iliyokuwa inazunguka swali hilo hilo. Homa ilimkuta na swali la zaidi ya miaka kumi mkononi. Na upande wa pili, Darwin naye alikuwa na ghafla yake: mwaka 1838, naye pia kwa kumsoma Malthus. Yaani yule wa homa alikuwa na madaftari, na yule wa madaftari alikuwa na dakika yake. Nilikuwa nimewapanga timu mbili watu ambao hawakuwa timu mbili.

Kuna jambo dogo jingine ambalo sikuliona mara ya kwanza. Wallace aliingoja homa ishuke ndipo akashika kalamu. Mimi niliandika habari ya mwalimu usiku ule ule, kwenye basi, bado nina joto.

*

Nikarudi kwa Mpemba. Safari hii sikurudi kwenye stori yangu, nilirudi kwenye makala yao wenyewe, yeye na Dk. Denis Osborne, iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la *Physics Education*. Sehemu ya kwanza kaandika Mpemba kwa maneno yake. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona vitu nilivyovitupa.

Kwanza, baada ya siku ile ya trei hakukutokea kitu chochote. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Akakubali. Tunaosimulia tunapenda kumfanya shujaa asiyetikisika, lakini mwenyewe anasema alikubali. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa anatengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, unaganda upesi, na wauzaji wengine nao hufanya hivyo. (Mama yangu hakuwa miongoni mwao, lakini yeye alikuja kwenye biashara miaka mingi baadaye, na friza lake lilikuwa la mkopo.) Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa linajulikana mtaani. Lilikuwa ujuzi wa kazi. Hakuna aliyeliita ugunduzi kwa sababu hakuna aliyeona kwamba linapingana na kitu.

Aliyeona ni Mpemba, na aliona kwa sababu alienda shule. Alipofika Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, huyu huyu wa tufaha. Akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Darasa likaikamata. Tangu siku hiyo akikosea hesabu wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Hapa lazima nimtetee yule mwalimu, kwa sababu hoja yake ni safi. Maji ya moto, ili yagande, lazima kwanza yapoe mpaka yawe na joto lile la maji ya baridi. Yakifika hapo, njia iliyobaki ni ile ile. Basi yatachelewa kwa muda ule uliotumika kufika hapo. Soma taratibu, tafuta shimo, hulioni. Ni fikra ya hatua kwa hatua kama tunavyotaka watoto wetu wafikiri. Kasoro yake ni moja, kwamba ilitolewa ubaoni na hakuna aliyefungua mlango wa friji. Nilikuwa nimezoea kudhani machale ni ya wavivu na hoja ni ya wachapakazi. Hapa mvivu alikuwa mwenye hoja.

Mpemba siku moja mchana akakuta maabara ya biolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja ile ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Akapanga kurudia.

Kisha akaja Osborne, kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Wanafunzi wakakaribishwa kuuliza. Mpemba akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji sawa, moja la nyuzi 35 na jingine la nyuzi 100, vyote kwenye friza, kwa nini lile la 100 linaganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali. Halafu akamuuliza kama ni kweli, na kama amefanya mwenyewe.

Kama amefanya mwenyewe. Nimeisoma sentensi ile nikasikia sauti nyingine kabisa, ya mtu mzima kwenye simu, mwanangu, risiti uliziona? Tofauti ni kwamba Mpemba alikuwa na jibu.

Osborne akaahidi kwenda kujaribu. Na Dar es Salaam akamkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Kila ninaposimulia kipande hiki watu wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini fundi yule alikuwa amerudia au alikuwa tayari kurudia, ambalo ni zaidi ya lililofanywa na mwalimu wa Magamba, wa Mkwawa, na mimi. Makala ilipotoka Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi. Hata fizikia hakuendelea nayo. Toka trei ya aiskrimu hadi kuchapwa, miaka sita.

Sasa sehemu ambayo makala yangu ya nusu ukurasa isingeweza kuibeba. Mwaka 2016 wanasayansi wawili, Burridge na Linden, walichapa utafiti wakisema walipima kwa uangalifu mkubwa na hawakuweza kuthibitisha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba ukihamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kujitengenezea Mpemba ambaye hayupo. Sikupenda. Nakiri hapa, nilihisi kama mtu kaingia sebuleni kwetu akaangusha picha ya ukutani. Nikaanza kutafuta wanaowapinga, na wapo; mwaka 2020 wengine huko Kanada waliona tabia ya aina hiyo kwenye chembe ndogo mno ndani ya maji, katika mazingira waliyoyadhibiti wenyewe. Hata neno "kuganda" linagombaniwa: ni barafu ya kwanza kuonekana, ni kufika nyuzi sifuri, au ni chombo kizima kuwa jiwe? Nilijikuta nasoma tena kama nilivyokusanya mashahidi mwanzo, najua jibu ninalolitaka. Nikaacha.

*

Desemba nilikwenda Tanga na binti yangu wa miaka kumi. Mama hauzi tena barafu, magoti hayamruhusu, lakini friza ipo, imezeeka na theluji imeota kuta zote. Binti akasema, "Si tujaribu tu?" Mama akasema, "Moto kwenye friza yangu?" Kimya kikapita. Halafu akasema, "Vikombe viwili tu."

Vikombe viwili vya plastiki, vya aina moja, maji tuliyapima kwa kikombe cha chai. Usiku wa kwanza kile cha moto kilikuwa na ukoko mnene zaidi wa barafu. Binti alipiga kelele nyumba nzima. Mimi nilishatoa simu kupiga picha, na kichwani nilishaandika aya ya kwanza, naapa. Mama, bila kugeuka kutoka kwenye mchicha wake, akasema, "Mara moja hiyo."

Tukafanya mara tisa. Binti alichora jedwali kwenye daftari la mama la hesabu za zamani za barafu, nyuma ya kurasa za mwaka 2004. Cha moto kilishinda mara mbili. Cha baridi mara sita. Mara moja umeme ulikatika na hatukupata kitu. Usiku wa sita, tukiwa tumeshindwa kuelewa, mama akauliza kile cha moto siku kilizoshinda kilikaa wapi. Tukaangalia jedwali, halimo. Tulikuwa tumeandika saa, maji, nani kaangalia, hatukuandika mahali. Binti akakumbuka: mara zote mbili kilikaa nyuma, juu ya theluji.

"Ndiyo," mama akasema. "Kinayeyusha pale chini, kinakaa vizuri, kinagusa baridi yenyewe. Kile kingine kimekaa juu ya theluji kama kimekaa juu ya godoro." Alisema kama mtu anayesema ukwaju ni mchungu. Ndivyo pia baadhi ya wanafizikia wanavyoeleza baadhi ya matokeo ya namna hii. Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema hajui, miaka mingi ya kubandua vikombe kwa kisu.

Sitajidai kwamba tumethibitisha au tumekanusha chochote. Friza moja, vikombe viwili, mtoto mmoja. Usiku wa saba na kuendelea tulikwangua theluji, tukabadilishana nafasi, na cha baridi kikashinda kila umeme uliporuhusu. Binti alinuna. Alikuwa upande wa Mpemba, kama mimi. Lakini aliandika.

Wakati wa kurudi Dar nilimwacha kwa bibi yake amalizie likizo, na mimi nikashuka njiani, mahali ambapo basi halisimami isipokuwa ukiomba. Nilikuwa nimempigia simu wiki moja kabla. Mwalimu ameshastaafu, anafuga kuku. Pikipiki ipo, imechakaa, imeegemezwa kwenye mwembe. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alinikaribisha barazani, akaingia ndani, akarudi na faili la kijani lililofungwa kwa kamba ya katani. Saruji, nondo, mchanga lori mbili, posho ya fundi, mbao. Alinipa moja moja, nami nikawa naandika tarehe na kiasi kwenye daftari langu, naye anasubiri nimalize ndipo anatoa nyingine. Tulipofika ya kumi na saba alinyanyuka akaenda kuchemsha chai, na faili akaniachia mapajani.